Jalada la Namba Kumi na Nne

Ilala, Dar es Salaam
11 Novemba 1973

Dada Zuhura,

Shikamoo. Ni mimi mdogo wako Salumu, mzima, Idi nimeila kwa watu watatu na wa nne nikamwomba radhi. Msalimie shemeji Athumani, umwambie vile viatu nilivyomwahidi bado navitafuta, mguu wake si mguu wa dukani. Hadija nasikia kamaliza darasa la saba. Basi akusomee yeye barua hii, wewe upumzishe macho.

Nina jambo, na naomba ulisikilize mpaka mwisho kabla karatasi hii haijaenda kufungia dagaa.

Unajua nakusanya magazeti ya zamani. Cheka tu. Huko kwenu gazeti likifika linafungia bisi, linafunikia mtungi, linavishwa madaftari ya watoto, basi, kazi yake imekwisha. Hapa mjini tuna macho. Lipo gazeti moja la kila mwezi la enzi za mkoloni, likiitwa Mshauri wa Nyumba. Lilitoka miaka mitatu, namba thelathini na sita, likafa. Kila namba ina jalada lililochorwa kwa mkono na kutiwa rangi: mkunga na beseni lake, mpishi anafunika chungu, mtu anachimba choo huku jirani anamtazama kwa wivu. Rangi zake utadhani zimetiwa juzi. Miaka sita nimeyatafuta, kwa Wahindi wa vitabu, kwa wastaafu, kwa wauza karanga wanaochana kurasa huku naangalia. Ninayo thelathini na tano. Inayokosekana ni namba kumi na nne, ya mwaka 1949.

Kila anayelijua gazeti hili ananiambia namba hiyo ilipelekwa kwa wingi Kusini. Nami nakumbuka ukuta wa chumba cha mama, udongo ukidondoka, ndani ulikuwa umebandikwa magazeti, tena yamegeuzwa, picha zinatazama udongo. Ndiyo akili za kwetu hizo. Mtu anapata picha ya rangi anawaonyesha mchwa.

Bwana Emmanueli, mkuu wa ofisi yetu, anataka kuyaweka yote kwenye kabati la kioo ukumbini, siku ya Saba Saba, chini ya maneno "Tulikotoka". Jina langu litaandikwa pale. Lakini hataki pengo. Amesema wazi kwamba bila namba kumi na nne hakuna maonyesho. Kwa hiyo nakuomba uloweshe ukuta wa mama, ubandue polepole, uniletee hata kama imechanika pembeni.

Wako,
Salumu


Mikindani
27 Desemba 1973

Salumu,

Marahaba. Barua yako ilikaa posta wiki tano kwa sababu jina langu uliliandika kwa mikia na mapambo hata karani akashindwa kujua ni mtu au ni duka. Nimeisoma mwenyewe. Macho yangu mazima, na darasa la nne nililosoma hapa Mikindani halijanitoka.

Sisi tupo. Athumani yuko Mpapura anaokota korosho, mgongo unamuuma na hasemi. Mbuzi kazaa pacha. Hadija anajifunza cherehani kwa Bibi Halima. Viatu usivitafute tena, amenunua vyake.

Mwezi wa Shaabani tulisoma hitma ya mama. Watu waliniuliza mwanawe wa kiume yuko wapi. Nikawaambia yuko Dar es Salaam anaokota makaratasi. Wakaendelea kula kwa adabu.

Kuhusu hilo unalolitaka, ukuta wa mama hauguswi. Namba kumi na nne mama hakutaka ionekane, na mimi sitaki ionekane, na sababu usiniulize. Unazo thelathini na tano. Binadamu ana meno thelathini na mawili na anakula nyama.

Dadako,
Zuhura


Ilala
22 Januari 1974

Dada Zuhura,

Shikamoo, na poleni na mavuno. Mimi mzima. Idi ya kuchinja tulipata nyama nyingi, mwenye nyumba wangu alichinja ng'ombe, si mbuzi. Bibi Halima bado anafundisha cherehani? Nilidhani keshakuwa kipofu.

Barua yako imenisikitisha. Siyo matusi, hayo nimeyazoea tangu ukinibeba mgongoni. Kinachonisikitisha ni giza. Mama hakutaka ionekane! Mama, Mungu amrehemu, alijua nini habari za magazeti? Alikuwa hajui hata jina lake likiandikwa. Kwa mtu kama huyo gazeti lolote ni karatasi, na namba kumi na nne ni sawa na namba arobaini. Au mlilitumia chooni na sasa mnaona haya kuniambia? Sema tu, sitashangaa.

Wewe hujui mambo haya yana uzito gani. Bwana Emmanueli ananiita kwa jina langu mbele ya watu. Mimi karani wa mafaili, niliyeingia kwa mlango wa nyuma, leo wakubwa wanaingia chumbani kwangu kuangalia majalada. Ikifika Saba Saba na kabati lina pengo, nitarudi kuwa yule yule wa kutumwa chai. Nifikirie kidogo.

Yuko rafiki yangu Mussa, karani wa bandari hapo Mtwara, anakaa Ufukoni. Nimemwomba apande baiskeli aje kuangalia ukuta. Ana kisu cha kukwangulia na ana subira. Wewe mpe beseni la maji tu, usimsumbue.

Salumu


Mikindani
3 Machi 1974

Salumu,

Hatujambo, ila mvua ya mwezi uliopita imeangusha jiko. Athumani amelisimamisha tena, akasema hata yeye sasa anahitaji kusimamishwa. Hadija ameshona gauni la kwanza, mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake. Bibi Halima anaona vizuri kuliko wewe.

Mussa wako alikuja. Alivaa suruali ya bugaluu, pana miguuni, alipoingia alinifagilia uwanja wote, nikataka kumlipa. Nilimwambia ukuta hauguswi. Akasema "Ndiyo mama, ndiyo mama," nami nikaenda kisimani. Niliporudi nilimkuta chumbani kwa mama amepiga magoti, keshakwangua ukuta toka mlangoni mpaka dirishani. Udongo umejaa kitandani. Nilichukua mchi. Wala sikumpiga, nilisimama nao tu.

Lakini Mungu ni mkubwa kuliko kisu chake. Chini ya udongo hapakuwa na kitu. Mchwa wamekula zote, wamebakiza vumbi jekundu na vipande kama kucha, havina hata herufi. Mussa alivichambua kwa mwanga wa kibiriti, njiti baada ya njiti, huku mate yakimkauka. Kisha akala samaki wangu wawili akaondoka.

Basi jambo limekwisha. Nakala zilikuwa arobaini na moja na zote zimekwenda. Niliwashukuru wale wadudu kwa mdomo wangu. Sasa na wewe lala, mwambie huyo bwana mkubwa wako aweke kikombe kwenye pengo.

Zuhura


Ilala
30 Machi 1974

Dada yangu,

Shikamoo nyingi kuliko siku zote. Pole na jiko. Leo sina ugomvi na mtu, hata na wewe. Namba kumi na nne ninayo.

Ngoja nikueleze. Uliandika zilikuwa arobaini na moja. Nilicheka peke yangu ndani ya basi. Kumbe mama ndiye aliyeimaliza Kusini nzima, kwa kubandika! Nikasema, kama kule hakuna, basi nitafute kwa mtu aliyehama na yake. Nikaulizia wauguzi wa zamani waliowahi kufanya kazi Mtwara. Nimempata mmoja Morogoro, mzee mgonjwa, analo sandukuni na halijakunjwa. Nilimwachia redio yangu.

Sasa nikusimulie hilo jalada, maana hamkuwahi kuliona, mlilibandika tu. Limechorwa kwa ufundi kuliko yote. Mwanamke kakaa chini uani, kaniki imemwanguka begani, nywele timtim kama kiota, uso umekauka, macho hayana habari na mtu. Mapajani kalaza mtoto, kamasi zimefika kidevuni, nzi machoni, tumbo kama ngoma. Nyuma yao jiko limezimika. Chini kumeandikwa kwa herufi nyekundu: UCHAFU HUZAA MARADHI. Mchoraji yule alikuwa na jicho! Ukimtazama yule mama unaisikia na harufu.

Ofisini wamecheka mpaka Veronika, mpiga chapa wetu, akamwaga chai juu ya mashine. Mimi nikawa nawaigizia, nakaa chini vile, nadondosha shingo, natoa macho. Siku hizi mtu akija kazini hajapiga pasi anaitwa Namba Kumi na Nne. Maneno hayo niliyaanzisha mimi. Bwana Emmanueli ameyapenda, ameagiza jalada hilo likae katikati ya kabati, lipate taa yake. Akaniuliza kama nitayatoa magazeti yote yawe mali ya ofisi daima, nami nikatia sahihi pale pale, mhuri ukapigwa. Jina langu litaandikwa kwenye ubao wa shaba.

Unaona sasa? Wewe uliona ni makaratasi.

Salumu


Mikindani
28 Aprili 1974

Salumu,

Maulidi yamepita salama. Mvua bado. Hadija kaposwa na mtu wa Mpapura, kijana wa korosho, mpole. Salamu zangu leo ni hizo.

Barua yako niliisoma nikaiweka chini ya godoro. Siku ya tatu nikaitoa, nikidhani pengine nilisoma vibaya. Sikusoma vibaya. Umekaa na wanaume wenzako na mpiga chapa, mkanywa chai, mkamcheka mama yako.

Mwanamke wa jalada ni Somoe binti Chitanda, aliyekuzaa. Uani pale ni kwetu. Sikutaka kukwambia mpaka nife. Yeye mwenyewe alikataa usiambiwe, alisema mwanamume akijua aibu ya mama yake hushindwa kusimama mbele ya wenzake. Nimeitunza miaka ishirini na mitano, leo umeitoa kwa nguvu.

Baba alifariki kwa homa mwaka ule, wewe una mwaka na nusu. Mama akakaa eda. Hujui eda, wewe umekulia bweni, nitakufundisha. Miezi minne na siku kumi mjane hachani nywele, hapaki mafuta wala wanja, hagusi sabuni ya harufu, havai ila kaniki ile ile. Hatoki nje, na mwanamume asiye maharimu wake hamwoni. Ndiyo heshima ya mwisho anayompa mumewe. Mama alikuwa katika mwezi wa tatu, na wewe una surua, usiku na mchana uko mapajani mwake unalia. Hizo kamasi ulizoziigizia ni zako. Ule uso uliokauka ulikuwa haujalala siku nne kwa ajili yako.

Wakaja bibi mmoja wa afya wa Kizungu, na kijana aliyebeba ubao na kalamu. Waliingia mpaka uani. Mama hakuweza kukimbia, una homa mapajani. Aliinamisha uso tu. Yule kijana akachora. Bibi akazungumza maneno mengi ya maji na nzi, akatoa mche mzima wa sabuni akauweka miguuni pake, wakaenda zao. Mtu yuko eda, wanamwekea sabuni! Kama wangeuliza neno moja tu wangejua. Hawakuuliza kwa sababu walishaona.

Gazeti lilifika wakati mama anatoka eda. Lilitundikwa zahanati, shuleni, barazani kwa liwali. Siku ya kwanza aliyokwenda sokoni, amevaa leso mpya, kajichana, watoto walimfuata nyuma wakiimba yale maneno mekundu. Alinunua chumvi, akarudi, hakulia.

Kesho yake akaanza kuyatafuta. Unajisifu miaka sita umekusanya? Mama yako alikusanya kabla yako. Alitembea kwa miguu Mikindani yote, Ufukoni, hadi Mpapura, nyumba kwa nyumba, hodi kwa hodi, anauliza gazeti lenye picha ile. Hakujua kusoma, kwa hiyo ilibidi kila mlango auonyeshe uso wake aseme, "Lenye mimi." Wengine walimpa bure kwa huruma. Wengine walitaka yai, kibaba cha mtama. Mwalimu mmoja alimpalilisha shamba wiki nzima kwa nakala mbili. Akifika nyumbani anapika uji wa muhogo, anabandika, uso kwa ukuta, juu anasiliba udongo. Nilimuuliza mbona asizichome moto yaishe. Akasema ndani yake kuna mtoto, na mtoto hachomwi.

Arobaini na moja. Alidhani amezimaliza.

Sasa sikiliza. Nenda kalitoe kwenye hilo kabati. Usilichome, ulifunge katika kitambaa safi uniletee. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha ni mimi, si Bwana Emmanueli.

Zuhura


Ilala
22 Mei 1974

Dada Zuhura,

Shikamoo. Hongera kwa posa ya Hadija. Nitatuma kitu nikijaliwa.

Nimesoma maneno yako. Nimeyafikiria kama mtu mzima na nitakujibu kama mtu mzima. Umekosea. Wewe ulikuwa mtoto wa miaka kumi. Watu walisema hili, wakasema lile, watoto sokoni wakaimba, nawe ukajenga hadithi, sasa unaiamini. Wanawake waliochorwa katika magazeti yale wametungwa na wachoraji, hawana jina.

Mimi namjua mama yangu. Mama nilimjua mimi, nililala naye mpaka nikaenda bweni. Alikuwa akioga asubuhi na jioni, hata maji yakiwa ya shida. Nguo zake zilifukizwa udi. Ukipita alikopita unajua Somoe kapita. Huko Mikindani nzima hapakuwa na mwanamke nadhifu kuliko yeye. Na wewe unataka niamini kwamba ndiye yule, samahani, yule wa jalada? Inaonyesha wewe ndiye usiyemheshimu.

Na hata ingekuwa kweli, nimekwisha tia sahihi. Si mali yangu tena. Nikienda kwa Bwana Emmanueli nimwambie nini? Kadi za mwaliko zimechapwa.

Tusiandikiane tena habari hii.

Salumu


Mikindani
14 Juni 1974

Salumu,

Tuko salama.

Unasema mama yako alioga mara mbili kwa siku, hata maji yakiwa ya shida, na nguo zake zilinukia udi. Kweli. Mimi ndiye niliyemtekea maji hayo. Ulidhani ni kwa nini? Kabla ya jalada lile mama alikuwa anaoga kama watu wote, ananuka moshi na samaki kama watu wote, na anacheka. Baada yake hakupita mbele ya mtu bila kujinusa begani kwanza. Mpaka anakata roho aliniuliza kama shuka ni safi. Huyo unayemwita mama wa udi alitengenezwa na hilo gazeti lako.

Unasema nilikuwa mtoto, nilisikia kwa watu. Nilikuwepo. Mama aliniambia nikae mlangoni, nimwambie kila mwanamume kwamba humu mna eda. Yule kijana wa ubao alinipa pipi mbili, moja nyekundu, nikamfungulia. Sijawahi kumwambia mtu. Hata Athumani hajui. Kwa hiyo usiniambie habari ya heshima, yangu niliiuza kwa pipi, naijua bei yake.

Ukitaka uhakika usimtazame usoni, uso umeinama. Tazama mkono wa kushoto, ule aliomshikia mtoto kichwa. Hesabu vidole. Kama kidole cha mwisho kimefika mwisho, basi mimi ni mwongo na mama yako si yule. Kama kimeishia nusu, unajua panga lilimkata wapi akiwa msichana, maana ndicho kidole ulichokuwa ukikinyonya.

Baada ya hapo fanya utakavyo. Hitma ya mwaka huu tutasoma kwa jina la mtoto mmoja au la watoto wawili, nangoja jibu.

Zuhura


Ilala
9 Julai 1974

Dada Zuhura,

Shikamoo.

Barua yako niliipata tarehe tatu. Sikuifungua. Nilisema nitaifungua baada ya Saba Saba, nisiharibikiwe. Asubuhi ya siku yenyewe nikaifungua, sijui kwa nini, nimeshavaa suti.

Nilifika ukumbini kabla ya watu. Taa yake ilikuwa imewashwa. Miezi mitatu nimelishika jalada lile, nimelionyesha, nimeliigiza, na sikuwahi kutazama mkono. Nilihesabu. Nikahesabu tena kutoka upande wa pili, nikidhani kivuli. Kimeishia nusu, dada. Yule mchoraji alikuwa na jicho.

Nilikwenda kwa Bwana Emmanueli nikamwomba funguo za kabati. Akauliza za nini. Nikasema nataka kutoa moja. Akanionyesha karatasi yenye sahihi yangu na mhuri, hakukasirika hata kidogo, akanipangusa vumbi begani. Akasema wageni wanaingia, nikasimame karibu niwaeleze.

Nikasimama. Wakaja wakubwa na wake zao, na wenzangu wa ofisini nyuma yao. Wote walipita haraka kwenye majalada mengine, wakasimama kwake. Mmoja wa wake wale akaziba pua. Wenzangu wakawa wananikonyeza nikae chini niigize. Veronika akasema, "Haya Salumu, waonyeshe."

Nikasema, "Huyu ni mama yangu."

Wakacheka. Walicheka kuliko siku zote, dada. Bwana Emmanueli alitoa leso akajifuta machozi, akawaambia wageni kwamba kijana huyu ana vichekesho, msikilizeni. Nikasema jina lake, Somoe binti Chitanda wa Mikindani. Nikasema alikuwa eda, mumewe amekufa, na mtoto ana surua, na mtoto ni mimi. Nilizidi kueleza na wao wakazidi kucheka, wengine wakawaita waliokuwa mbali waje wasikie. Nilipaza sauti. Nadhani mwisho nilikuwa nalia, lakini hata hilo walilipenda, maana hata kulia niliwahi kuwaigizia.

Nimewafundisha mwenyewe. Miezi mitatu niliwafundisha namna ya kumcheka, na wamefuzu.

Leo nimerudi kazini. Jalada lipo, taa inawaka, na jina langu liko chini yake kwa shaba. Nimepita mezani kwa kila mmoja, taratibu, bila suti, nikamwambia kwamba ile juzi haikuwa mzaha. Kila mmoja ananipiga bega ananiambia basi, inatosha, usiumalize utamu. Sijapata hata mtu mmoja wa kuniamini.

Mdogo wako,
Salumu